Tupeane uzoefu: simu, kompyuta na sisi wenye ulemavu, Lamu na Malindi

MwanaLangoni:
Assalam aleikum wanajamii. Leo asubuhi nimepita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu wa Lamu, nikasoma kibao kipya: mafunzo ya kompyuta, nyote mwakaribishwa. Nikauliza wapi. Nikaonyeshwa juu. Mnazijua ngazi za nyumba zetu za mawe, nyembamba, zinapinda katikati, mtu mnene hupita kiubavu. Mimi natumia kiti cha magurudumu. Nikacheka peke yangu, kwa sababu mwaka 2014 nilijiandikisha darasa kama hilo, nalo lilikuwa ghorofani. Wiki ya kwanza nilibebwa na wachukuzi wawili. Wiki ya pili wachukuzi wakapata kazi ya mchanga, mchanga unalipa kuliko mimi. Kwa hiyo kompyuta najua kuiwasha na kuizima. Kuhifadhi faili sikufika.

Nani mwingine yamemkuta? Macho, masikio, miguu, mikono, yote yanakubalika. Tupeane.

PundaHanaBreki:
Kuhifadhi faili hukufika 😂😂 Pole ndugu yangu. Mimi natumia magongo na ngazi hizo nazijua moja moja.

MwalimuGizani:
Nilikuwa nimeapa sitaisimulia hii tena, ila umenichokonoa.

Sioni tangu nikiwa na miaka minne. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, dirisha linafungwa saa sita usiku. Nina kompyuta ndogo yenye NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wa Australia wasioona kama mimi, nami huwaombea dua bila kuwajua. Fomu ilikuwa na kurasa saba. Aliyeitengeneza hakuvipa vitufe majina, kwa hiyo programu inaniambia "kitufe, kitufe, kitufe". Ni sawa na kuingizwa nyumba yenye milango ishirini na kila mlango umeandikwa "mlango". Nikapapasa hivyo hivyo mpaka ukurasa wa sita.

Hapo kikatokea kile kitendawili cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Picha tisa, uchague. Programu yangu husoma maneno, picha tupu isiyo na maelezo kwake ni ukuta. Nikabonyeza alama ya sauti. Akatoka Mzungu anasema ndani ya kelele kama redio iliyopoteza stesheni, na kelele zile zimewekwa makusudi ili mashine isielewe. Punda wa jirani naye akaona ndio wakati wake. Nikakosea mara tatu, ikanifungia.

Nikashika fimbo, saa tatu ya usiku, mpaka saiba, duka la kompyuta na intaneti za kulipia. Kijana wa pale alinipokea vizuri, Mungu amjaze heri. Lakini ilibidi nimtajie paswadi yangu kwa sauti, watu watano wamekaa wanangoja kuchapisha karatasi zao. Namba ya kitambulisho, jina la mama, mshahara wa zamani, vyote hadharani. Halafu zikaja picha: chagua zote zenye taa za kuongozea magari. Kijana amezaliwa Mkomani, kakulia Mkomani. Mji huu mzima hauna hata taa moja ya aina hiyo, tutaongoza punda? Akanigeukia: "Mwalimu, mlingoti nao ni taa, ama taa ni pale juu tu?" Ananiuliza mimi! Wateja wakaingia katika mjadala. Mmoja aliyewahi kukaa Mombasa akasema mlingoti hauhesabiki. Tukakosea mara mbili. Ya tatu ikakubali, nikasikia makofi saiba nzima.

Kisha kijana akanyamaza. Nikamwambia soma. Akasoma: muda wako umekwisha, tafadhali anza upya. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Sikuanza upya. Nililipa shilingi hamsini nikarudi nyumbani.

MtuWaWiyoni:
Subhanallah.

Kilindini_Zamani:
Mlingoti hauhesabiki kweli, huyo mteja alisema sawa.

PundaHanaBreki:
Unahesabika kama umeingia kwenye kile kisanduku cha pembeni. Nimefeli mara nyingi kwa kuuacha.

Kilindini_Zamani:
Hapana kaka. Taa ni taa.

MwanaLangoni:
Jamani, mwenzenu kakosa kazi nyinyi mwagombania mlingoti.

JahaziLaKale:
Kwa heshima zote, mimi naona mnajitesa. Mlemavu ana watoto, ana wapwa. Si amsomee mtoto? Zamani barua zikisomwa na mtoto wa chuo cha Kurani na mambo yakaenda.

BintiShela:
JahaziLaKale, majibu yangu ya hospitali yalikuja kwa ujumbe wa simu, wakati huo simu yangu haikuwa inasema. Nikasomewa na mtoto wa jirani, darasa la sita. Neno lenyewe hakulielewa, akaenda kumwuliza mamake maana yake. Kabla ya magharibi mtaa wote ulikuwa unanipa pole. Mume wangu alikuwa baharini, yeye ndiye aliyejua mwisho.

JahaziLaKale:
Samahani dada. Sikulifikiria hilo.

Maalim_K:
Na lile neno "mlemavu" uliache, sheikh. Sema mtu mwenye ulemavu.

MtuWaWiyoni:
Mimi mwenyewe huitwa Kipofu wa Wiyoni na mialiko ya harusi yafika. Neno halijanipiga. Nipeni simu inayosema, jina mtanipa mtakalo.

Maalim_K:
Sikatai. Lakini mtu akikutana na Sura ya Abasa asipite mbio. Kipofu alikuja kutaka elimu, na aliyekunjiwa uso akateremshiwa aya. Hakuambiwa amtume mtoto.

MtuWaWiyoni:
Hapo umenimaliza.

UkhtiAsiyesikia:
Nimesoma kimya kimya sasa nami niseme. Nilipoteza kusikia nikiwa na miaka tisa, homa ya uti wa mgongo. Kusoma najua, kuandika najua. Adui yangu ni VOISI, ujumbe wa sauti. Kundi la WhatsApp la ukoo wetu lina watu sitini na wote wamekuwa watangazaji wa redio. Dakika nne, dakika sita. Shangazi yangu alifariki Pate, habari ikaja kwa voisi. Niliijua siku ya pili kwa kuona watu wanaandika "Inna lillahi". Nilifikiri ni mtu mwingine.

Kuna programu ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, inaitwa Live Transcribe, na Kiswahili inakijua. Nikamwekea mama simu mbele yake. Tabu ni kwamba inajua Kiswahili cha kitabuni na mama yangu ni Mwamu asiyebadilika. Siku ya kwanza alisema "ndoo hapa mwanangu". Simu ikaandika ndoo. Nikamletea ndoo. Akasema tena "ndoo", kwa hasira. Nikaleta ya pili.

PundaHanaBreki:
😂😂😂 Wasomaji wa bara: sisi Waamu "ndoo" ndiyo njoo yenu.

MwalimuGizani:
Ukhti, nakuonea huruma lakini usitupigie marufuku voisi! Sisi tusioona ndiyo nafuu yetu. Adui yangu mimi ni bango la picha. Mwaliko wa mkutano, tangazo la kazi, ratiba ya Maulidi, yote yanatumwa kama picha. Simu inasema "picha". Basi. Nijue ni ya Maulidi au ni ya mbuzi anauzwa?

UkhtiAsiyesikia:
Basi waandike! Maandishi ya kawaida wewe simu itakusomea, mimi nitayasoma kwa macho. Mbona ni rahisi hivyo?

MtuWaWiyoni:
Na bibi yangu asiyejua kuandika? Voisi ndiyo iliyomwingiza ulimwenguni.

UkhtiAsiyesikia:
Bibi ana wajukuu.

MtuWaWiyoni:
Sasa na wewe umekuwa JahaziLaKale 😄

JahaziLaKale:
Nimeshaomba radhi jamani.

AmiWaMokowe:
Mnalalamika simu haisemi. Yangu ilisema.

Macho yalinitoka kwa presha ya macho, miaka mitano sasa. Mpwa wangu akaniwashia TalkBack, ile ya simu za Android inayosoma skrini, akasahau kubadilisha sauti. Ikabaki ya Kizungu, inasoma Kiswahili kama mtalii aliyeshuka Manda jana. "Pole" inaisema kwa Kizungu kama mti wa kusukumia mtumbwi. "Mke wake" nikadhani mtu anaamshwa.

Sasa siku hiyo naivuka Mokowe kuja Lamu na mke wangu mkubwa kakaa ubavuni. Injini inanguruma, nami nimeongeza sauti mpaka mwisho ili nisikie. Tukakaribia gati, nahodha akazima injini. Kimya. Hapo hapo simu ikapaza: "Zyuhura Melindi. Myumi wengu yumifika? Mtoto enekuyulizia."

Nikamshukuru Mungu kwa Kizungu kile. Mke wangu akauliza, "Yasemaje hiyo?" Nikasema ni kampuni ya simu, mambo ya bando. Kijana mmoja wa sekondari, kakaa kule mbele, hakuulizwa na mtu, akasema: "Hapana ami. Yasema, Zuhura Malindi, mume wangu umefika, mtoto anakuulizia."

Boti yote iligeuka. Sikuiona, lakini niliisikia inageuka.

Kilindini_Zamani:
YA ALLAH 😂😂😂

BintiShela:
Huyo kijana apewe zawadi.

PundaHanaBreki:
Ami, Zuhura ni nani?

FundiSimuNgomeni:
Ami, kosa si la simu. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, chagua Kiswahili. Kisha weka iafoni sikio moja, lingine liache wazi umsikie punda.

Kilindini_Zamani:
Fundi unampoteza mzee. Kiswahili ndicho kitamwua. Abaki na Kizungu, tena aongeze kasi. Nina rafiki asiyeona anaisikiliza kwa kasi ambayo sisi wengine tunasikia nyuki tu.

MwalimuGizani:
Hilo ni kweli, hata mimi naiendesha mbio. Ami, NVDA ina sauti ya Kiswahili ndani yake, ya eSpeak, bure, ijapokuwa inasema kama bati. Na ukiwa na simu ya TalkBack kuna sehemu ya kuficha skrini: kioo kinakuwa cheusi, wewe unaendelea kusikiliza, jirani haoni kitu. Namba ya siri usimpe mtu, hata mpwa.

MtuWaWiyoni:
Hasa mpwa.

MkaziWaMalindi:
Salaam kutoka Malindi. Yangu haina kichekesho. Sioni tangu kuzaliwa. Nikiwa kidato cha pili shule ilipanga safari ya Ngomeni, kwenye kituo cha anga cha Waitaliano. Mwalimu akaniacha kwenye basi na dereva. "Utachoka bure, hakuna cha kusikia." Sikukasirika wakati ule, nilizoea. Hesabu za michoro tuliambiwa si zetu, maabara si yetu, biolojia tulifanya ile iliyotayarishwa kwa wasioona.

Wenzangu walirudi na hadithi ya setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini pale, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya sikukuu yetu. Mimi dereva alinipa korosho. Miaka mingi baadaye, simu ikiwa inanisomea, ndipo nikajua Uhuru ilikwenda kufanya nini. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Eksirei! Hakuna jicho la mwanadamu linaloziona. Chombo kilizipokea, kikazihesabu, wanasayansi wakasoma namba. Kumbe siku ile tulikuwa vipofu sote, mwalimu na wanafunzi, ila mimi ndiye niliyeachwa kwenye basi.

PundaHanaBreki:
Habari nzuri kaka. Ami, Zuhura?

MwanaLangoni:
Acheni Zuhura apumzike! Mkazi wa Malindi, hiyo yako nimeirudia mara mbili. Ungegusa nini siku ile, kama wangekushusha?

MkaziWaMalindi:
Kitu chochote. Kipande cha bati la roketi. Nijue ni zito au jepesi.

Wakili_wa_Baraza:
Someni Katiba ya 2010, kifungu cha 54. Mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia maeneo yote na habari, ana haki ya lugha ya ishara, breli na njia nyingine zinazomfaa, na vifaa vya kumwondolea vikwazo. Mnayo mkononi, idaini.

MwanaLangoni:
Naijua wakili. Nimeisoma nikiwa chini ya ngazi.

Wakili_wa_Baraza:
Basi andika barua, nitaipitia bure.

PundaHanaBreki:
Ama tuwaombe washushe kompyuta mbili tu ukumbini. Kompyuta ni nyepesi kuliko wewe.

MwanaLangoni:
😂 Hilo kesho nitalisema. Barua pia, wakili, nakutumia.

UkhtiAsiyesikia:
Na mwalimu wa darasa aandike ubaoni, si kusema akiwa ametupa mgongo. Midomo naisoma, kisogo siwezi.

Maalim_K:
Marehemu Mwalimu Nabhany, mshairi wa hapa kwetu, alipoliunda neno runinga alichukua rununu, sauti ya kusikia, na maninga, yaani macho kwa Kiamu cha kale. Vyote viwili. Laiti wenye tovuti wangekuwa washairi.

MtuWaWiyoni:
Yangu ni rununu tupu.

FundiSimuNgomeni:
Jumamosi niko Lamu, Mkunguni, upande wa mlango wa ngome, baada ya alasiri. Mwenye simu isiyosema aje nayo. Kuwasha silipishi.

UkhtiAsiyesikia:
Nitamleta mama. Usimwambie aje na ndoo.

BintiShela:
Ami umetoroka? Mke mkubwa alisemaje?

AmiWaMokowe:
Niko. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akaichukua simu, akaketi nayo siku tatu. Sasa ile sauti ya Kizungu aielewa kunishinda.