Naomba ushauri: silikoni ipi inafaa kwa kalibu za kumiminia resini?
Wanajamvi, naomba ushauri kuhusu mpira wa silikoni wa kutengenezea kalibu, kwa kuwa nakusudia kumimina kwa resini ya poliyurethani (plastiki ya majimaji inayoganda) vitufe vya kuzungusha vya redio za zamani, ambavyo vina mifereji myembamba pembeni inayohitaji mpira laini usiochanika wakati wa kuvitoa. Silikoni inayogandishwa kwa kichocheo cha bati ni nafuu, lakini husinyaa kidogo na kalibu yake huchakaa mapema. Ile ya kichocheo cha platini hushika vipimo vizuri na kudumu, ila hugoma kuganda ikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa, ambao ndio ninaoutumia kuzingira nusu ya kwanza ya kalibu. Je, nibadilishe udongo, au niridhike na ya bati? Na kwa mifereji hiyo, ugumu wa Shore A (kipimo cha ugumu wa mpira) 20 au 30, upi unafaa zaidi?