Naomba ushauri: paka wangu amekuwa mwoga

Habari zenu ndugu. Nina paka jike wa miaka 3, mpole tangu utotoni. Mwezi uliopita wapwa zangu walikuja likizo. Kutwa wanambeba chali kama kichanga, wanamvuta mkia, wanamwamsha akilala. Na mimi nikakosea, nikahamishia beseni lake la mchanga, analojisaidia humo, sebuleni, karibu na redio.

Sasa anashinda uvunguni, masikio kayalaza, na anakojoa kwenye zulia. Daktari wa mifugo kampima, kibofu kizima. Dada anasema nimchape. Sitaki kabisa, atazidi kuogopa.

Beseni nimelirudisha penye utulivu. Je, nimwache atoke mwenyewe, au nimvute kwa dagaa? Na watoto wa miaka 5 mnawafundishaje kumshika? Wanarudi Desemba.