Mrejesho: Namna nilivyowatambulisha wazungumzaji wa kongamano

Niliomba ushauri kuhusu kuwatambulisha wazungumzaji watatu katika kongamano la teknolojia na jamii, kwa kuwa wasifu walionitumia ulikuwa mrefu na umejaa vyeo. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri niache orodha ya shahada, nieleze swali ambalo kila mmoja amekuja kulijibu.

Mzungumzaji wa kwanza alichunguza kwa nini watu huziamini mashine zinazozungumza. Nilianza na ELIZA, programu ya kompyuta ya kuzungumza kwa maandishi ambayo mwanasayansi wa kompyuta Joseph Weizenbaum aliieleza mwaka 1966, na ambayo, ingawa mara nyingi iligeuza tu maneno ya mtumiaji kuwa swali, baadhi ya watu waliiona kana kwamba inawaelewa. Ukumbi ulitulia, naye akaipokea hoja hiyo na kuendelea nayo moja kwa moja. Waliofuata niliwatambulisha kwa sentensi tatu tatu.

Lililonigusa zaidi ni ushauri wa kuwapigia simu mapema ili kuuliza matamshi ya majina yao (jambo ambalo, kwa maoni yangu, halipaswi kamwe kurukwa), kwani mmoja alinieleza kwamba jina lake limekosewa jukwaani kwa miaka mingi. Nilipolitamka sawasawa, alinishika mkono kabla ya kuanza kuzungumza.