Amepaka rangi juu ya unyevu na kuuita huo ukarabati, eti kwa sababu nyumba ni ya kupangisha

Wanajukwaa, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Nyumba ninayoizungumzia ni ya zamani, ni mali ya familia, na ilikuwa imekaa muda mrefu bila matunzo, ndipo tukakubaliana kuikarabati ndani ili ipate wapangaji. Mkandarasi tuliyempa kazi aliikagua chumba kwa chumba, akaandikiwa kila kinachotakiwa kufanyika, akapokea malipo kwa awamu, kisha akakabidhi nyumba inayong'aa kila kona. Mvua za kwanza hazijaisha, mpangaji akaanza kunionyesha kuta zilizovimba. Nilipomwita mkandarasi aje atoe maelezo, alinijibu hivi: "Hii ni nyumba ya kupangisha tu, kwani ulitaka niifanye kama ya kuishi mwenyewe?"

Kauli hiyo si ya mtu mmoja. Fundi wake wa umeme ameirudia, na hata dalali aliyemleta mpangaji aliniambia nisijisumbue, kwa kuwa mpangaji huangalia rangi, taa na vigae, hafungui ukuta kuona kilichomo. Naipinga kwa nguvu zangu zote. Nyumba ya kupangisha ndiyo inayohitaji kazi madhubuti zaidi, kwa sababu watu hubadilika, mabomba hufunguliwa na kufungwa na mikono mingi, soketi huchomekwa kila aina ya kifaa, na mwenye nyumba hayupo pale kila siku kuiona dalili ya kwanza ya tatizo. Tena anayelala humo ni mtu anayelipa kodi akiamini kwamba amepewa mahali salama. Mpangaji wangu ana mtoto mchanga, na kitanda cha mtoto huyo kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta ule ule unaovuja unyevu.

Nianze na ukuta huo. Ni wa chumba cha nyuma, na nje yake udongo umejaa mwaka hadi mwaka hadi ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Kabla ya ukarabati, lipu ilikuwa imebanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno, na juu ya sehemu hiyo palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia uliokatiza ukuta mzima. Yeyote aliyewahi kushika mwiko anajua maana yake: ukuta unafyonza maji kutoka ardhini, maji yanapanda kupitia vitundu vidogo vya matofali, na yanapokaukia usoni huacha chumvi yaliyoibeba. Chumvi hiyo nayo huvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana ukuta huendelea kuloa hata baada ya chanzo kuzibwa, mpaka lipu yote iliyojaa chumvi itolewe. Makubaliano yetu ya maandishi yalisema udongo wa nje ushushwe, lipu mbovu ibanduliwe hadi juu ya mstari wa unyevu, ukuta uachwe ukauke, kisha ipigwe lipu ya chokaa, kwa kuwa nyumba yenyewe ilijengwa kwa chokaa na kuta zake zinahitaji kupumua. Tulijua kwamba ukuta mnene uliolowa kwa miaka hukauka kwa miezi, si kwa siku, na muda huo tulimpa.

Badala yake alikwangua juu juu, akapiga lipu nzito ya saruji, akaskimu (yaani akaulainisha uso kwa koti jembamba) na kumalizia kwa rangi ya mafuta. Udongo wa nje hakuugusa kabisa. Saruji na rangi hiyo zikauziba uso wa ukuta, maji yakakosa pa kutokea, yakazidi kupanda, na sasa yamechomoza juu zaidi ya pale yalipoishia mwanzo. Rangi imefanya malengelenge. Ukilibonyeza moja kwa kidole gumba linapasuka, linatoa maji kidogo, na chini yake unakuta unga mweupe wa chumvi uliokwisha kuisukuma skimu itoke. Nyuma ya kabati la nguo pameota ukungu mweusi, na mama wa yule mtoto amekuwa akiufuta kila asubuhi kwa kitambaa, bila kujua kwamba anachokifuta kitarudi siku zote maadamu ukuta una maji ndani. Ushauri wa mkandarasi ni kwamba nipake koti jingine la rangi. Naomba mnieleze, rangi ya namna gani itakayoyazuia maji yanayotoka ardhini?

Baada ya hapo sikuamini tena kitu chochote ndani ya nyumba ile, nikamwita fundi mwingine wa umeme aje afungue mbele ya macho yangu. Soketi zote ni mpya, nyeupe, zenye matundu matatu. Alipoivuta ya sebuleni kutoka ukutani, skrubu ya ethi, yaani ya waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ilikuwa tupu, haina waya wowote, kwa sababu nyaya zilizomo ukutani ni zile zile za zamani zilizovikwa mpira, na mpira huo umekauka kiasi kwamba unapoukunja unapukutika na kuacha shaba wazi. Tundu la tatu ni pambo. Mpangaji akichomeka friji au pasi yenye mwili wa chuma, anaamini kwamba amelindwa, ilhali hitilafu ikitokea mwili wote wa kifaa hicho utabaki na umeme ukimsubiri yeye aushike.

Kibaya zaidi tulikikuta kwenye boksi la breka. Zamani breka ya mzunguko wa soketi ilikuwa inakatika mara kwa mara, nasi tuliandika hilo kuwa tatizo la kutafutiwa chanzo. Mkandarasi alitoa breka ya amperi 16 akaweka ya amperi 32, basi ikaacha kukatika. Kazi ya breka ni kuulinda waya, nao waya uliomo mle ni wa milimita za mraba 1.5, ukiulinda kwa breka ya 32, waya utachemka ndani ya ukuta na juu ya dari kabla breka haijashtuka. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua usiku watu wakiwa wamelala. Kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliamperi 30 kilichoandikwa waziwazi kwenye orodha ya vifaa, hakipo; pesa yake aliipokea. Huu si uzembe mdogo wa kusameheana, ni kuchezea maisha ya watu.

Bafuni ameweka vigae vipya juu ya vya zamani. Ukivigonga kwa ncha ya ufunguo, karibu nusu vinatoa mlio wa utupu, maana havikushika chini. Tabaka la kuzuia maji halikupakwa, na jaribio tulilokubaliana, la kuziba tundu la maji na kuiacha sakafu imejaa maji kwa saa 24 kabla ya kuweka kigae hata kimoja, halikufanyika. Mteremko wa sakafu nao umekosewa, kwa hiyo maji ya kuogea yanakwenda mlangoni badala ya kwenda kwenye tundu lake, na fremu ya mbao imeanza kuvimba chini. Nyuma ya vigae hivyo yamebaki mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu kwa ndani. Bomba lisipotoa maji ya kutosha, kulifikia kunamaanisha kuvunja kazi yote iliyolipiwa.

Dari sina haja ya kulieleza sana: ni jipsamu nzuri iliyoning'inizwa kwenye mbao zilizotafunwa na mchwa, ambazo hazikubadilishwa wala kutiwa dawa.

Ila kuna jambo moja ambalo nataka kila mwenye nyumba ya zamani alisikie. Milango na fremu zilikuwa na matabaka mengi ya rangi ya mafuta, na rangi nyingi za namna hiyo za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi. Marekani, kwa mfano, ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kwa sababu hiyo tuliandika kwamba rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu, bali ilowanishwe kwanza, vyumba vifungwe kwa nailoni, na vumbi lote likusanywe kwa kitambaa chenye maji. Vijana wake walitumia mashine ya msasa, mkavu, madirisha yakiwa yamefungwa, bila barakoa, na vumbi lile lilikutwa bado limelala juu ya fremu za madirisha na ndani ya makabati ya jikoni. Wale vijana nao ni watoto wa watu. Mkandarasi aliyewaingiza humo alikuwa na maandishi mkononi na alijua anachokifanya.

Kuna watakaosema kwamba nilipaswa kusimamia. Tulisimamia. Mkataba unasema kwamba kila kazi ya kufunikwa, iwe nyaya, mabomba au tabaka la bafuni, ikaguliwe kabla ya kufunikwa. Kila tulipopanga siku ya ukaguzi tulikuta imeshafunikwa tangu jana yake, tukaambiwa mafundi waliwahi ili kuokoa muda, na tulipotaka pafunguliwe tukaambiwa tutaharibu kazi. Picha alizokuwa akituma zilikuwa za taa, vitasa na rangi, hata moja haikuonyesha waya au bomba. Mtu anayefunika kabla ya kukaguliwa, tena kila mara, hafanyi hivyo kwa haraka ya kazi. Anaficha.

Malipo ya awamu ya mwisho nimeyazuia, na sitayatoa mpaka alipie gharama za kubomoa na kurudia alichokifunika. Amenitumia ujumbe kwamba atanishtaki kwa kutomlipa. Na ashtaki, maana makubaliano yana saini yake, na fundi umeme wa pili ameniandikia taarifa yenye picha za kila soketi aliyoifungua. Mpangaji nimemrudishia kodi ya miezi aliyokuwa ameilipia mbele, nikamsaidia kupata pa kuhamia, na umeme wa nyumba nzima nimeuzima. Dalali anasema napoteza kodi bure, kwamba nipake rangi tu nimwingize mwingine. Sitaingiza mtu humo kabla nyaya hazijabadilishwa zote, lipu ya saruji haijang'olewa, na ukuta wa nyuma haujakauka hadi ndani.

Ninachowaomba wenzangu mliopitia haya ni uzoefu wenu wa kisheria na wa kiufundi. Ni nani amewahi kumlazimisha mkandarasi kurudia kazi ya ndani aliyoifunika bila ukaguzi, na mlitumia ushahidi gani hadi akakubali? Je, mliita mkaguzi wa majengo aandike ripoti kabla ya kubomoa, au mlibomoa mbele ya mashahidi? Vigae vya bafuni na lipu ya chumba cha nyuma bado sijavigusa, kwa kuhofia kuharibu ushahidi, na kila wiki inayopita maji yanazidi kupanda.