Naomba ushauri kuhusu bodi ya gari: praima (rangi ya kwanza ya kukinga bati) itangulie, au puti (kijazio cha kusawazisha bati) ipakwe juu ya bati tupu?

Wanajamvi, habari zenu. Ninaifufua Peugeot 504 ya mwaka 1978 aliyoniachia marehemu baba, hapa Tanga, ambako upepo wa bahari hauliachi bati salama. Nilipopiga msasa namba 80 kwenye mlango wa nyuma, puti ya zamani ilibanduka kipande kizima, na chini yake kutu ilikuwa imetoboa vijitundu kama vya sindano. Fundi anataka kupaka puti moja kwa moja, lakini mimi naona heri tukate palipooza, tuchomelee bati jipya, kisha praima ya epoksi (aina inayoziba unyevu usifike kwenye bati) itangulie, kwa kuwa puti hufyonza unyevu. Je, niko sahihi? Na epoksi ikishapakwa, nisubiri muda gani kabla ya kuweka puti katika hewa yenye unyevunyevu kama hii?