Wanachama wapya wanapotea baada ya mwezi

Swali: Klabu yetu ya riadha inaandikisha wengi. Wanalipa ada mara moja, kisha kimya. Tunakosea wapi?

Jibu: Fuatilieni daftari la mahudhurio, msingoje la ada. Mtu akikosa mazoezi mawili mfululizo, apigiwe simu siku hiyohiyo. Akikosa manne, huyo keshaondoka. Tena siku ya kwanza msimtupe kwa wakongwe, atabaki nyuma akihema peke yake. Mpeni mwenyeji, mwanachama anayekimbia kwa kasi kama yake, kwa wiki 6.

Jibu: Fomu nayo iwe na simu ya ndugu wa dharura na maradhi aliyonayo. Mtoto, sahihi ya mzazi.

Muulizaji: Ada iwe ya mwezi?

Jibu: Ya mwaka, kwa awamu 3. Ya mwezi inamfanya ajiulize mara 12 kama abaki.