Naomba ushauri: pesa ya kukarabati makao ya wazee tutaitoa wapi?

Habari zenu jameni, niko Kakamega na naomba mnisaidie mawazo. Baba mdogo wangu anakaa kwa makao ya wazee ya serikali huku kwetu, wafanyikazi wa hapo ni wazuri sina shida nao, shida ni nyumba yenyewe. Mabati yanavuja na choo ni cha shimo huko nje, sasa mzee wa miaka 81 mwenye goti bovu atachuchumaa aje usiku mvua ikinyesha? Juzi aliteleza, bahati tu hakuvunjika.

Fundi alitupigia hesabu ya choo cha kukalia ndani na vyuma vya kushikilia ukutani, ikafika laki nne na kitu. Harambee ya familia ilitoa 38,000, nusu yake ahadi (mnajua vile huenda). Ile 2,000 ya Inua Jamii (pesa ya serikali ya kusaidia wazee) nayo huishia kwa dawa na sabuni.

Sasa bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili na kuna vikao vya wananchi kutoa maoni, je nikienda na barua itasaidia ama nianzie kwa MCA (mwakilishi wa wadi yetu)? Kuna mwenye alishawahi kufanya hii kitu ikafaulu? Uliandika nini?